Modemu inaposukuma 50 dBmV: usafishe njia, ubadilishe splita, uweke amplifaya au umwite fundi?

Ukiandika 192.168.100.1 kwenye kivinjari cha kompyuta iliyounganishwa na modemu ya kebo, modemu nyingi zitakufungulia ukurasa wenye majedwali mawili. La kwanza, Downstream, ni la mawimbi yanayoingia nyumbani. La pili, Upstream, ni la mawimbi ambayo modemu inayarudisha kwa kampuni ya intaneti. Wengi huishia kwenye la kwanza, wakiona namba ziko sawa hufunga ukurasa. Kumbe simu za video zinakatika, picha zinachukua muda mrefu kupanda, modemu inajizima na kujiwasha kila jioni, na kwenye jedwali la pili pameandikwa 50 au 51 dBmV, yaani nguvu ya mawimbi ikipimwa kwa desibeli.

Hapo ndipo mtu hukwama. Atoe splita (kigawanyaji cha kebo)? Anunue amplifaya (kikuza mawimbi)? Apige simu fundi aje? Swali hili linawagusa zaidi ndugu zetu walioko Marekani na Kanada, ambako kebo ya koaksia iliyotandazwa kwa ajili ya televisheni ndiyo inayobeba intaneti ya nyumba nyingi hadi leo. Nairobi nako yapo majengo ya ghorofa yaliyopitishiwa koaksia, na yanayosemwa hapa yanayahusu pia.

## Namba hiyo inasema nini

Modemu haijichagulii nguvu ya kurusha. Mtambo wa kampuni huisikiliza, na mawimbi yake yakifika hafifu, huiamuru iongeze. Kwa hiyo 50 dBmV maana yake ni kwamba njia kati ya modemu na mtambo inameza nguvu nyingi, na modemu inalazimika kupaza sauti ili isikike. Kosa si la modemu. Tena ina ukomo: kwa DOCSIS 3.0, toleo la kiwango cha intaneti ya kebo, modemu inayotumia chaneli nne za kurudi kwa 64-QAM (namna ya kupakia data kwenye mawimbi) haitakiwi kudaiwa zaidi ya 51 dBmV kwa kila chaneli, ilhali ikitumia chaneli moja inaweza kufika 57. Ukiona chaneli zimepungua kutoka nne hadi moja, na iliyobaki imepanda kupita 51, ujue modemu imefika mwisho wa nguvu zake.

Kwa matumizi ya kila siku, kati ya 35 na 48 ni pazuri. Kwenye 49 na 50 bado inafanya kazi, lakini haina akiba: joto likizidi au konekta moja ikilegea, inaanguka. Upande wa kuingia, kiwango kinaruhusu kuanzia −15 hadi +15 dBmV, ingawa mafundi wengi hupenda kuona kati ya −7 na +7, na uwiano wa mawimbi kwa kelele (mawimbi yasiyotakiwa) wa desibeli 33 au zaidi.

Angalia pia kumbukumbu ya matukio kwenye ukurasa huohuo. T3 maana yake modemu iliita na haikujibiwa. T3 moja moja kwa wiki si jambo la kukunyima usingizi. Zikifuatana kumi na sita bila jibu, modemu huanza upya, na hapo ndipo taa zinapozima katikati ya mazungumzo.

## Kwanza tafuta nguvu inapotea wapi

Hatua hii ndiyo inayoamua mengine yote, na ndiyo watu wanaoiruka. Ichukue modemu uipeleke pale kebo ya nje inapoingia nyumbani, kwenye kipande kidogo cha chuma kilichounganishwa na waya wa ardhi. Iunganishe hapo moja kwa moja, bila splita yoyote, isubiri iwake kikamilifu, kisha soma namba.

Kama pale mlangoni inasukuma 42 na sebuleni ilikuwa 50, desibeli nane zinapotea ndani ya nyumba yako. Hizo ni zako kuzitafuta. Kama mlangoni bado ni 50, tatizo liko nje, na hakuna splita utakayonunua itakayolifikia.

Kuna dalili ya pili, nayo ni bure kabisa. Linganisha nguvu za chaneli zinazoingia kulingana na masafa yake. Kebo ndefu hula masafa ya juu zaidi ya masafa ya chini: mita 100 za RG-6, koaksia ya kawaida ya nyumbani, hupoteza takriban desibeli 18 kwenye 750 MHz, lakini takriban 2 tu kwenye 5 MHz. Njia ya kurudi Amerika Kaskazini kwa desturi iko kati ya 5 na 42 MHz, ingawa kampuni zinaendelea kuipanua hadi 85 na hata 204. Kwa hiyo:

- Chaneli zote zinazoingia ziko chini kwa kiasi kilekile, na ya kurudi iko juu: mshukiwa ni splita, kwa kuwa inakata pande zote mbili karibu sawasawa.
- Chaneli za masafa ya juu ziko chini sana, za masafa ya chini ziko sawa, na ya kurudi ni ya kawaida: kebo ni ndefu mno, ya zamani, au imeingia maji.
- Zinazoingia ni nzuri zote, lakini ya kurudi iko juu: kuna kitu kinachoumiza masafa ya chini peke yake. Mara nyingi ni konekta ambayo waya wake wa katikati haugusi vizuri, au amplifaya ya zamani, au hitilafu iliyoko kwa kampuni.

Hali ya tatu ndiyo inayowachanganya watu kuliko zote, kwa sababu televisheni inaonyesha vizuri na kupakua kuko kasi, kwa hiyo hakuna anayeishuku kebo.

## Vigezo vya ulinganisho

Nimezipima njia nne kwa maswali manne: namba gani inabadilika na kwa kiasi gani, inagharimu nini kwa fedha na zana, inaweza kuharibu nini, na inamfaa nani. Bei ni za makadirio kwa maduka ya Marekani.

## Njia ya 1: Kusafisha njia

Yaani kuondoa splita zisizotumika, kufupisha kebo, na kufunga konekta upya.

Kinachobadilika. Kila desibeli unayoiondoa njiani inahesabiwa mara mbili: mawimbi yanayoingia yanapanda kwa kiasi hicho, na modemu inashusha sauti kwa kiasi hichohicho. Nyumba nyingi za zamani zina splita ya njia nne iliyobaki tangu enzi za televisheni vyumba vyote, na leo kinachotumia ni modemu peke yake. Splita hiyo inakula desibeli 7. Ukiitoa na kuunganisha kebo mbili kwa kiungo cha kawaida, modemu iliyokuwa 50 inashuka hadi 43, na chaneli zinazoingia zilizokuwa −9 zinapanda hadi −2.

Konekta zinastahili jicho la karibu. Ifungue moja uishike mwangani. Waya wa katikati unatakiwa kung'aa rangi ya shaba na kuchomoza kama milimita 3 kupita mdomo wa konekta. Plastiki nyeupe iwe imekaa sawa na sakafu ya ndani, si nusu njia. Pasiwe na hata unyuzi mmoja wa wavu wa alumini unaougusa waya wa katikati. Ukiona weusi au ukijani, maji yamefika hapo. Na konekta za kuzungushwa kwa mkono juu ya kebo, zile zisizohitaji chombo, zitoe zote bila huruma. Zinalegea, na zinaruhusu kelele za redio na mota kuingia kwenye njia ya kurudi.

Fedha na zana. Spana ya milimita 11 inatosha kwa kuanzia. Ukitaka kufunga konekta za kugandamiza, kifaa pamoja na konekta zake ni kama dola 20 hadi 40.

Hatari. Ndogo. Usiuguse waya wa ardhi pale kebo inapoingia, kwa sababu ndio unaoilinda nyumba radi inapopiga. Kisanduku cha kampuni kwenye nguzo au nje ya jengo si chako kukifungua.

Inamfaa karibu kila mwenye nyumba, na ndiyo ningemwambia mtu aanze nayo ikiwa namba za mlangoni ni nzuri. Haimfai mpangaji ambaye kebo zake zinapita ndani ya kuta za jengo la mtu mwingine.

## Njia ya 2: Kubadilisha splita

Kuna nyumba ambazo splita haiwezi kuondoka, kwa kuwa kisanduku cha televisheni bado kinahitaji kebo. Hapo swali ni splita gani, na modemu ikae tundu gani.

Kinachobadilika. Splita ya njia mbili inakula 3.5. Ya njia tatu mara nyingi si sawa kote: tundu moja linakula 3.5 na mengine mawili 7 kila moja, na namba zimeandikwa pembeni ya kila tundu. Ya njia nane inafika karibu 11. Inashangaza ni mara ngapi modemu hukutwa kwenye tundu la 7 huku la 3.5 likipewa televisheni ya chumba cha wageni. Kuhamisha kebo mbili tu kunakupa desibeli tatu na nusu bure.

Kifaa ambacho wengi hawakijui ni kopla, ambayo hugawanya nguvu bila usawa kwa makusudi. Kopla ya 9 inapitisha upande mmoja kwa hasara ya desibeli 1 hadi 1.5 tu, na upande wa tawi inakata 9. Modemu unaipa upande wa kupita, televisheni unaipa tawi. Turudi kwenye mfano wetu wa 50 na −9 ulio nyuma ya splita ya njia nne. Ukiweka ya njia mbili, modemu inashuka hadi 46.5 na zinazoingia zinakuwa −5.5. Ukiweka kopla ya 9, modemu inafika karibu 44 na zinazoingia karibu −3.

Fedha na zana. Dola 5 hadi 15, na spana ileile.

Hatari. Kifaa cha ubora duni, au kilichotengenezwa kwa antena ya setilaiti, kinaweza kisipitishe vizuri masafa ya chini, na ukarudi pale pale au pabaya zaidi. Soma maandishi yake: kiwe kinaanzia 5 MHz. Matundu yasiyo na kebo yafungwe kwa vifuniko vya ohm 75. Na kabla ya kuipa televisheni tawi la desibeli 9, hakikisha ina nguvu ya kutosha kupoteza.

Inamfaa familia inayotumia intaneti na televisheni kwa kebo moja, ambayo namba za mlangoni ni nzuri.

## Njia ya 3: Amplifaya

Hiki ndicho kifaa kinachonunuliwa haraka kuliko vyote, na ndicho kinachoeleweka kidogo kuliko vyote. Nina mashaka nacho kama suluhisho la kwanza, lakini mahali pake papo.

Kinachobadilika. Inategemea njia ya kurudi ndani yake ikoje. Amplifaya za zamani za televisheni hupitisha kuanzia 54 MHz kwenda juu tu. Weka modemu nyuma ya hiyo na haitaunganishwa kabisa. Aina ya pili inakuza yanayoingia, na yanayorudi inayaacha yapite yenyewe bila kukuzwa. Hii ndiyo inayowadanganya wengi: jedwali la kwanza linapendeza, la pili halishuki hata kidogo, na kama amplifaya ina matundu manne, hasara ya splita iliyo ndani yake inabaki kwenye njia ya kurudi kama kawaida. Aina ya tatu inakuza pande zote mbili. Ni hii tu inayopunguza namba ya kurudi. Ukiwa na vyumba vinne vinavyohitaji kebo kweli, amplifaya ya aina hii inafuta hasara ya kugawanya pande zote.

Kitu kimoja haiwezi kukifanya: kusafisha mawimbi yaliyokwisha kuchafuka. Kelele iliyoingia kabla ya amplifaya inakuzwa pamoja na mawimbi. Uwiano wa mawimbi kwa kelele ukiwa 29 mlangoni, baada ya amplifaya hautapanda kufika 35.

Fedha na zana. Dola 30 hadi 80, pamoja na soketi ya umeme karibu na kebo inapoingia. Inatakiwa ikae huko mwanzoni, si nyuma ya modemu sebuleni.

Hatari. Ni kubwa kuliko za njia nyingine, na haziishii kwako. Njia ya kurudi inakusanya nyumba nyingi za mtaa kwenye mfereji mmoja, kwa hiyo kelele ya konekta yako mbovu ikikuzwa, jirani asiyejua lolote naye anaanza kukatika. Ndiyo maana kampuni hazipendi amplifaya zinazokuza njia ya kurudi, na fundi akiikuta anaweza kuitoa. Pili, ukuzaji wa desibeli 15 juu ya mawimbi yaliyo sawa unaweza kuisukuma modemu kwenye ukingo wa +15. Tatu, umeme ukikatika au adapta yake ikifa, intaneti inakwenda nayo. Kama simu ya nyumbani inapita kwenye modemu hiyo, na ndiyo ambayo mama au mzee wa nyumba angeitumia kupiga 911, tafuta amplifaya yenye tundu moja linalopitisha bila umeme, na modemu ikae hapo.

Inamfaa mwenye nyumba kubwa yenye matundu mengi yanayotumika kweli, namba safi mlangoni, na konekta zilizokwisha kukaguliwa. Haimfai mwenye namba mbaya mlangoni.

## Njia ya 4: Kumwita fundi wa kampuni

Kinachobadilika. Kila kilicho nje ya ukuta wako. Fundi anaweza kubadilisha kebo inayotoka nguzoni, kukaza au kubadilisha konekta za nje, na kukuhamishia kwenye tundu jingine la kisanduku cha nguzoni. Visanduku hivyo vina thamani tofauti. Nyumba iliyo karibu na kikuza mawimbi cha mtaa hupewa kisanduku kinachokata sana, 23 au 26, ili isipokee nguvu kupita kiasi, na matokeo yake ni kwamba modemu yake lazima isukume zaidi kurudi. Nyumba kama hiyo inaweza kukaa kwenye 47 au 48 miaka yote bila kosa lolote. Fundi pia anaona kitu usichoweza kukiona wewe: kelele ya mtaa mzima kwenye njia ya kurudi.

Fedha na zana. Mara nyingi ni bure kosa likiwa nje. Kampuni nyingine hutoza likikutwa ndani. Uliza kabla ya kuweka miadi. Gharama halisi ni muda wa kusubiri.

Hatari. Anaweza kuja wakati tatizo limelala. Kebo ya juu ya nguzo hula nguvu zaidi jua linapowaka, takriban asilimia 2 zaidi kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi, na konekta yenye maji hubadilika kati ya mvua na kiangazi. Akifika asubuhi yenye ubaridi akakuta 47, ataandika kila kitu ni salama na kuondoka.

Kinga yake ni ushahidi. Piga picha majedwali yote mawili asubuhi, mchana na usiku kwa siku kadhaa, pamoja na kumbukumbu za T3 zenye saa. Andika namba za mlangoni peke yake bila splita. Kwa aliye mgeni wa Kiingereza cha simu, karatasi yenye mistari mitano inasaidia kuliko maelezo marefu: nguvu ya kurudi mlangoni 51, bila splita, T3 kila jioni. Namba hazihitaji mkalimani, na fundi anayeziona anajua kwamba sehemu ya ndani imeshakaguliwa.

Inamfaa kila mwenye namba mbaya mlangoni, kila mpangaji, na yeyote ambaye chaneli zake zinazoingia ni nzuri lakini ya kurudi imepanda ghafla.

## Na kubadilisha modemu?

Mara chache. Modemu mpya itaamriwa na mtambo uleule, kupitia njia ileile, kusukuma karibu nguvu ileile. Ya DOCSIS 3.1 ina nafasi kubwa zaidi ya jumla ya nguvu, hadi 65 dBmV kwa chaneli zote pamoja, kwa hiyo inaweza kuvumilia palipoishinda ya zamani, lakini hasara iko palepale. Badilisha modemu kama moja ya kuazima inaonyesha namba nzuri kwenye kebo ileile ambapo yako inahangaika.

## Uchague vipi

Mlangoni 42, sebuleni 50, na televisheni hakuna: njia ya 1, na huenda usitumie hata dola moja.

Mlangoni 42, sebuleni 50, na televisheni moja au mbili za kebo: konekta kwanza, kisha kopla au tundu sahihi la splita.

Matundu manne au zaidi yanayotumika, mlangoni namba safi: amplifaya inayokuza pande zote, baada ya konekta zote kukaguliwa. Kama kampuni yako haikubali vifaa hivyo, muulize fundi aweke cha kwao.

Mlangoni 49 au zaidi: fundi. Usinunue chochote kabla hajaja.

Ya kurudi iko juu na zinazoingia zimevuka +8: hapa hesabu hugeuka, na splita ya ziada, ambayo ingeshusha zinazoingia, itaiua njia ya kurudi. Kuna kipunguzaji kinachokata yanayoingia peke yake na kuyaacha yanayorudi yapite. Fundi huwa nacho, na kinakaa mlangoni.

Ya kurudi iko chini ya 35: modemu inasikika kwa urahisi mno, kiasi kwamba inanong'ona karibu na usawa wa kelele za nyumbani. Kama hakuna kinachokatika, iache. Kama kunakatika, hapo ndipo splita ya njia mbili yenye kifuniko upande mmoja inaweza kusaidia, maana modemu italazimika kupanda kwa 3.5, hakikisha tu zinazoingia zina nafasi ya kushuka kiasi hicho.

Namba zote za kurudi ziko kati ya 38 na 46, hakuna T3, lakini intaneti bado ni nzito jioni: acha kebo. Chomeka kompyuta kwa waya kwenye modemu upime kasi. Kwa waya ikiwa nzuri, angalia Wi-Fi. Ikiwa mbaya hata kwa waya, mtaa umejaa watumiaji saa hiyo, na hilo ni la kampuni.